Kofia Tatu za Bi Mdogo

Jumatatu, 6 Machi

Bega. Leo mbao za futi kumi na nne, tena zimenyeshewa, nzito kama maiti. Kijiti yuko mbele, mimi nyuma. Huyo ndiye tunayebeba naye kila siku, mwembamba hivyo hivyo kama jina lake. Kanitania — ati Bi Mkubwa, leo ubao ndio unakubeba wewe. Nikamwambia ukoo wako wote ukipanda kwenye mzani hawafiki nusu yangu. Tukacheka. Bega halikucheka.

Nesi alishasema. Ukiendelea kubeba, mkono huu hutauinua tena hata kufunga kitambaa kichwani.

Mchana Mzee Randa kaniita. Karakana ni yake. Kapata kazi ya nyumba ya wageni, vitanda arobaini, kila kitanda ubao wa kichwani uchongwe maua. Mchongaji wake kaondoka. Kauliza ile mashine ya marehemu mumeo ipo? Ipo, bandani kwangu. Kasema chonga ubao mmoja, Jumamosi ya wiki ijayo nije niuone. Ukinipendeza utakaa na mashine yako, kubeba basi. Usiponipendeza natafuta kwingine.

Kukaa! Mimi kwenye stuli, mashine inachonga! Miaka kumi na tatu nabeba mbao za watu wanaokaa.

Halafu akaharibu. Eti: mshirikishe na Bi Mdogo, si ndiye aliyefundishwa?

Nikamwamkia tena kama vile nimefika sasa hivi, nikaondoka.

Yule ni mke mwenza wangu. Mume mmoja, wajane wawili. Miezi minane sasa tangu presha imchukue. Naandika kwenye daftari la kupokelea mbao, kurasa zimebaki. Sina mwingine wa kumwambia.


Jumatano, 8 Machi

Nimefungua banda. Kufuli limeota kutu.

Mashine hii aliiunda kwa takataka. Mlango wa zamani ndio meza. Reli za droo. Mota tatu za mashine mbovu za kutolea kopi — moja inavuta kwa urefu wa meza, moja kwa upana, moja inapandisha na kushusha kisu. Watu wakimwita kichaa. Mimi nikimpikia kichaa.

Mimi alinifundisha mambo mawili. Washa kompyuta. Bonyeza kijani. Basi! Yule alifundishwa yote. Kila Jumanne anakuja na cheti chake cha sekondari usoni, wanaingia bandani, wanafunga mlango. Vumbi, wanasema, lisiingie nyumbani. Mimi naanika nguo nje nasikia vicheko. Vumbi gani hilo linachekesha watu?

Nimewasha. Mota zikaguna kama mtu anayeamshwa. Zile skrubu ndefu za kuvutia meza zimekauka, nyuzi zimejaa unga wa mbao. Nikasugua kwa mswaki wa zamani, nikatia mafuta ya cherehani, nikalegeza nati kidogo. Zikatembea.

Ua lake limo bado kwenye kompyuta. Limechongeka kwenye kipande cha mbao chakavu, masaa mawili na nusu. Majani yote, petali zote! Nimepitisha kidole. Nimepitisha tena.

Yeye alikuwa anatumia masaa mawili. Lazima kuna mahali pa kuongeza kasi. Kesho natafuta.


Alhamisi, 9 Machi

Heri nisingetafuta.

Chini ya meza kuna boksi la waya. Ndani vibodi vitatu vyekundu, vile vibao vidogo vya umeme, kila kimoja kama kucha ya dole gumba. Kimoja kwa kila mota. Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wake ule wa kulala: Bi Mdogo. Bi Mkubwa. Mtoto.

Nikasoma mara tatu, nikasema labda ni macho.

Mtoto wa nani? Mimi sikumzalia. Yule pia hakumzalia.

Kila kibodi chini yake kuna vijiti vya chuma, na vijiti vimevalishwa vikofia vyeusi, vidogo kama mbegu ya pilipili. Nikahesabu. Bi Mdogo kofia tatu. Mtoto kofia tatu. Bi Mkubwa — moja. Moja! Imekaa katikati peke yake kama yatima.

Hata kwenye mashine jamani! Hata kwenye mashine!

Na si kofia tu. Skrubu ya Bi Mdogo mpya, inang'aa, ya kuagizwa. Ya Bi Mkubwa ni ile ya kawaida ya dukani, ya kukata kwa futi. Miaka ishirini na mbili namfulia, namkanda mgongo, najua jino lake lipi bovu. Yule miaka sita. Kofia tatu!

Kwenye kikopo cha misumari nimekuta vikofia vya akiba. Nimechukua viwili. Nimemvalisha Bi Mkubwa mwenyewe, kwa kibano cha nyusi. Tatu kwa tatu. Haki sawa.

Usingizi wa leo utakuwa mtamu.


Jumamosi, 11 Machi

Mashine imeharibika.

Nimewasha baada ya kazi. Mota ya upana — vuu, vuu. Mota ya urefu — nyeee. Inajikokota. Inajikokota kama mtu anapelekwa kwa mkwewe na deni! Ua limetoka limebanwa kwa urefu, pana na fupi, kama mtu kalikalia. Kwa upana liko sawasawa. Kwa urefu robo tu.

Jumatano ilikuwa nzima. Nani kapita hapa? Yule kapita. Jana, na kikapu, kanisalimia barabarani kwa adabu nyingi. Adabu ile si bure.

Nimekwenda kwake. Sikuingia, nimesimama mlangoni. Nikamwambia wewe una mkono mchafu, marehemu ulimmaliza, sasa unamaliza mashine.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinuka. Kasema, "Bi Mkubwa, mimi sijakanyaga banda lako tangu msiba. Si ulinifungia kufuli mwenyewe? Tena ukaniambia nikitaka kulia nikalilie kwangu."

Kweli nilisema.

"Mota ipi inayokokota?" kaniuliza.

Hayakuhusu, nikamjibu. Njia nzima bega linawaka.

Amekonda. Lakini kucha kapaka.


Jumapili, 12 Machi

Nimemleta Fundi Redio. Kaja na mkoba wake na mdomo wake. Kasema mashine nzuri, mama, lakini mimi mtu wa redio, usinilaumu ikianza kusoma taarifa ya habari.

Kapima umeme. Upo. Kageuza kiskrubu kidogo juu ya kibodi ili mota ipate nguvu zaidi. Mota ikapata moto, ningeweza kupigia pasi nguo. Mwendo ule ule. Akarudisha. Akazungusha skrubu ndefu kwa mkono — haikwami. Kaona vikofia. Kauliza hivi vilikuwa hivi hivi tangu mwanzo?

Nikasema ndiyo.

Kwa nini nimesema ndiyo? Basi tu. Ningesemaje? Ningemwambia ni mambo ya wake wenza?

Mwishowe kaingia kwenye kompyuta. Kuna namba ya kila mota. Kasema huyu anakwenda robo ya safari, basi tumdanganye, tumwambie safari ni mara nne. Akabadilisha namba. Ua likaanza kuchorwa kwa urefu wake sahihi. Nikapiga makofi.

Mapema mno. Sasa saizi sawa, lakini mwendo! Tumekaa mpaka chai imepoa, petali moja haijaisha. Fundi akajaribu kuharakisha, mota ikalia kama mbu na kusimama pale pale. Kasema mama, huyu ndiye huyu, mkubali. Kama ni mke ungemrudisha kwao.

Kacheka peke yake.


Jumanne, 14 Machi

Nimewasha kabla ya kwenda kazini, asubuhi. Nimerudi jioni. Ubao haujaisha. Siku nzima, ua halijaisha! Na umeme ukakatika katikati, kisu kikabaki kimezama kwenye mbao kama kijiko kwenye uji mzito. Ubao wa kutupa.

Vitanda arobaini. Hata kwa vijiti vya kiberiti ukihesabu utacheka.

Kijiti kasema kwa nini usimwite Bi Mdogo. Nikamwambia kwa nini usinyamaze. Kasema wewe unapenda zaidi kuvunjika bega kuliko kuvunja kiburi. Nimemwachia ubao peke yake ghafla, kayumba nao mpaka kwenye rundo la pumba. Alistahili.


Alhamisi, 16 Machi

Yule kaja mwenyewe. Kijiti kamwambia, najua, sitamsahau kwa hilo.

Kasimama nje ya banda, kavua viatu. Nani kamwambia avue viatu bandani? Kumbe ndivyo walivyokuwa wanafanya — kuna msumari ukutani wa kutundikia, siku zote najiuliza ni wa nini. Kaning'iniza viatu pale bila kutazama.

Ilinikata maini kuliko vicheko vyote.

Katazama mota ya urefu ikijikokota. Dakika moja tu. Kapiga magoti, kachungulia boksini. Kasema, "Nani kamvalisha Bi Mkubwa kofia tatu?"

Nikasema labda panya.

Kanitazama. "Panya huyu kasomea," kasema.

Nikamwuliza kwa nini Bi Mkubwa apate moja, na Bi Mdogo tatu. Sauti ilinitoka juu, sikuitaka hivyo. Yeye kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa. Akaweka mkono mdomoni. Sijui alikuwa anacheka au nini. Akatoa simu, akatafuta, akaiweka juu ya meza kati yetu.

Sauti ya marehemu.

Miezi minane. Ikatoka kwenye simu ya yule, na nyuma ya sauti naisikia nyundo ya bandani humu humu. Anamweleza. Kwamba mota hizi hazizunguki tu, zinapiga hatua. Kila kofia inakatakata hatua. Kofia tatu, hatua moja inakuwa vipande kumi na sita. Ile moja ya katikati, vipande vinne. Mota ya upana, Bi Mdogo, skrubu yake nyuzi zimeachana, akizunguka mara moja tu kafika mbali, basi lazima apige vihatua vidogo asije akaruka mstari. Lakini mota ya urefu, Bi Mkubwa, skrubu yake nyuzi zimebanana. Ana mizunguko mingi, na meza yote anaivuta yeye. "Huyo mpe kofia moja apige hatua ndefu. Usimrembe. Ukimremba hatembei. Huyo ndiye anayebeba, akisimama yeye hakuna kazi hapa." Halafu kacheka. Yule naye kwenye simu kacheka.

Kazima.

Nimesimama kama mlingoti. Bi Mdogo kasema, taratibu, "Umesikia alivyokusifu."

Kusifiwa! Kubeba! Miaka ishirini na mbili nabeba, sihitaji kuambiwa nabeba. Kwa nini mimi asinitumie sauti? Nimetafuta simu yangu yote. Ninazo tatu. Moja: nunua chumvi. Moja: nimechelewa kuleni. Moja hajasema kitu, kaibonyeza kwa bahati mbaya, upepo tu.

Yule katoa vikofia viwili, kaviweka kiganjani mwangu. Tukawasha. Meza ikachomoka kama mbuzi aliyekatikiwa kamba, ikaenda kugonga mwisho — pwaa! — ubao ukaruka. Wote tukapiga kelele. Nilisahau ile namba ya Fundi Redio, mara nne. Nikamwambia. Karudisha ya zamani, anaijua kwa kichwa.

Ikatembea. Vuu kwa vuu.

Nikamwambia asante. Nikamwambia pia kwamba naweza kuendelea mwenyewe. Kachukua viatu msumarini.


Ijumaa, 17 Machi

Masaa mawili na dakika tano. Ubao mzima, mninga, ua limekaa katikati kama limeota. Nimepiga msasa mpaka vidole vimelainika.

Peke yangu. Bonyeza kijani, basi.

Nimeung'oa ule msumari wa viatu. Tundu limebaki, baya zaidi.


Jumamosi, 18 Machi

Mzee Randa kaja, kavaa miwani, kavua, kavaa tena. Kanusa ubao. Yeye mbao anazinusa. Kasema, "Mama, hii kazi. Hii kazi kweli."

Nimesimama wima, bega haliumi hata kidogo.

Halafu: mwenye nyumba ya wageni anataka maua mawili, yatazamane. Moja huku, moja huku, kama watu wawili kwenye mto mmoja. Utaweza kufikia Jumatatu?

Nikasema nitaweza.

Kuchora kwenye kompyuta sijui. Hata kuandika jina langu pale sijui.


Jumapili, 19 Machi

Nimejaribu. Wazo langu: chonga ua, geuza ubao, bonyeza kijani tena. Nilijiona mjanja. Ua la pili limepanda juu ya la kwanza, petali ndani ya petali, kama wanaopigana. Ubao wa pili, nikausogeza — moja juu, moja chini, limenipa mgongo.

Mninga mbili zimekwenda. Ni za Mzee Randa.

Kutoka kanisani wengine, kutoka sokoni wengine, kila anayepita anachungulia. Bi Mdogo kapita pia. Hakuchungulia. Ningependa achungulie, nimfukuze.


Jumatatu, 20 Machi

Mchana huu. Naandika haraka.

Kijiti kanipata kwenye rundo la mbao, hacheki leo. Kasema Mzee Randa asubuhi kamwita Bi Mdogo karakanani. Kaja na kompyuta yake begani. Kamchorea maua mawili pale pale, mbele ya watu, yanatazamana. Mzee kasema basi tatizo limekwisha, Bi Mdogo atakuwa fundi wa mashine. Na Bi Mkubwa? kauliza Kijiti. Bi Mkubwa atamsogezea mbao.

Atamsogezea mbao.

Na sasa wako njiani kuja bandani kwangu. Nilikimbia. Umri huu! Nimefika kabla yao. Nimezima umeme kwanza, marehemu alikuwa mkali kwa hilo. Nimechomoa kibodi cha Bi Mkubwa. Kimetoka kirahisi, kama jino la mtoto. Walipofika nimewafungulia banda vizuri, nikasema ngoja nikabadilishe nguo hizi, zina vumbi.

Niko chumbani. Ukuta ni wa mbao, nasikia kila kitu.

Wamewasha. Mota ya upana, vuu. Mtoto kapanda, kashuka. Urefu kimya. Mzee Randa: vipi tena? Yule: subiri mzee wangu. Nasikia magoti yake sakafuni. Kachungulia.

Ameona pengo. Panya hasingiziwi mara mbili.

Kibodi kiko kiganjani mwangu. Vijiti vyake vinachoma. Nikikitia ndani ya jiko, mashine imekufa — hakuna kwake, hakuna kwangu. Kesho nabeba. Kesho kutwa nabeba. Nikikirudisha, nabeba pia, namsogezea yeye. Kwa nini kila njia ina ubao mbele!

Mzee Randa kasema mashine yenyewe ya kubahatisha, nina siku chache, kuna mtu ana ya kiwandani, naenda kwake. Funguo zake za gari zinalia.

Yule kasema, "Mzee, ngoja. Kimetolewa kusafishwa. Mwenyewe anacho ndani."

"Mwenyewe nani?"

"Fundi. Si huyo uliyemkuta hapa Jumamosi? Mimi nachora tu. Mashine hii bila yeye haitembei, muulize yeyote."

Uongo! Nimemwomba mimi? Nimemtuma? Simtaki wema wake, atautembeza mtaa mzima, Bi Mdogo mwema, Bi Mkubwa roho mbaya. Au hasemi. Hakusema ya panya. Kijiti angekuwa ameshanitania.

Mzee Randa kasema haya, dakika tano.

Nimesimama. Nimekaa. Kibodi kimepata jasho, sijui kama jasho linakiharibu. Nimekifuta kwa gauni.

Yule anagonga ukuta. Taratibu, kwa kidole kimoja, pale pale nilipoegemea —